Aliyejiita Kisima

Karatasi kumi na nne zilitandazwa juu ya meza ya Mrakibu Ponsiano, mkuu wa upelelezi, na katika kila moja kalamu nyekundu ilikuwa imepita. Mkaguzi Msaidizi Mbwana Semboja alizitazama akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Hakuwa na haja ya kuzisoma kwa makini. Karibu nusu ya maneno yaliyokuwa mle aliyaandika yeye mwenyewe.

Hilo Ponsiano hakulijua, wala mtu mwingine yeyote pale kituo cha polisi Handeni.

"Umewahi kusikia kitu kinaitwa Gumzo Huru?" Ponsiano aliuliza.

"Nimewahi, afande. Ni ukumbi wa kwenye intaneti. Watu wanajibizana mambo ya siasa."

"Wanajibizana!" Ponsiano alipiga karatasi kwa kiganja. "Wanamvua nguo Mheshimiwa hadharani, kisha wanajificha nyuma ya majina ya bandia. Huyu hapa anajiita Kisima. Jumamosi kaandika habari ya mkutano wa Mkata, jana gazeti limeichukua, na leo tangu asubuhi nimepigiwa simu mara tatu kutoka mkoani."

Habari yenyewe Semboja aliijua. Wafugaji na wakulima wa Mkata waliitwa mkutanoni kuzungumzia njia ya ng'ombe. Mheshimiwa, mkuu wa wilaya, alipochoka na maswali, aliamuru mgambo wafunge lango la uwanja, na wazee sita waliouliza wakakalishwa juani hadi alasiri. Kisima aliandika jambo jingine lililowauma wakubwa zaidi ya hilo: kwamba muhtasari wa kikao ulipigwa chapa mara mbili, na katika ule wa pili majina ya wale wazee sita yaliondolewa.

"Lakini si wote wapuuzi mle," Ponsiano aliendelea, sauti ikilainika. "Yuko mmoja anajiita Nondo. Huyo ndiye mzalendo. Anawaeleza wazi kwamba nchi haiendi bila mkono wa chuma. Na ndiye aliyetufungulia mlango. Soma ukurasa wa tisa."

Semboja aliusoma. *Wewe Kisima, acha kujificha nyuma ya chaki. Tunakujua. Rudi darasani kwako Mkata, ukafundishe watoto wa watu.*

Aliyaandika maneno hayo Jumamosi jioni, kwa hasira, baada ya Kisima kumuuliza mbele ya watu wote kama yeye Nondo amewahi kukalishwa juani. Hakumjua mwalimu yeyote wa Mkata. Alibahatisha tu, kwa sababu Kisima alikuwa na mwandiko uliopangika, usio na kosa la tahajia.

"Nyuma ya chaki," Ponsiano alisema huku akihesabu kwa vidole. "Mwalimu. Wa Mkata. Na katika mkutano ule mwalimu aliyesimama kuuliza swali ni mmoja tu. Lengai Taiyo. Tangu Jumapili yumo mahabusu, anakana. Kesho saa sita gari linampeleka Tanga kwa uchochezi. Kazi yako ni kulifunga hili jalada lisivuje."

"Na huyo Nondo, afande?"

"Nimewaandikia wenye ukumbi wanipe jina lake. Tutamfanya shahidi."

Semboja alikusanya karatasi zote kumi na nne. Mbili zilimponyoka, akainama kuziokota, zikamponyoka tena.

*

Lengai Taiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, na kwa kuwa walimnyang'anya mkanda alikuja akiwa ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa akifundisha Uraia shule ya sekondari. Mkewe, Naisenya, alikuwa amekaa nje kwenye benchi la wageni na hotpoti ya uji ambayo askari wa kaunta alikuwa hajaipokea tangu saa moja.

"Umeandika nini Gumzo Huru?" Semboja aliuliza.

"Sijaandika hata mstari mmoja, afande. Huwa naingia kusoma."

"Jumamosi tarehe kumi ulikuwa wapi?"

"Korogwe. Nilikwenda kununua chaki na kuchapa mtihani wa Kidato cha Pili. Nilikaa kwenye kafe ya Sharifu kama dakika arobaini na tano."

"Mkutanoni uliuliza nini?"

"Niliuliza njia ya ng'ombe itapita upande gani wa lambo. Basi. Nilijibiwa kwamba nikae, nikakaa."

"Hukukasirika?"

Lengai alimtazama kama mtu anayepima jibu lipi litamsaidia. "Afande, mimi nimeshajibu haya mara nne. Kila mnaponiuliza mnaniambia mna shahidi. Mleteni basi. Anikazie macho aniambie aliniona wapi nikiandika."

Semboja aliandika jibu hilo kwenye jalada. Alipoinua uso, Lengai alikuwa bado anamkazia macho, naye akaangalia pembeni, ukutani, ilipokuwa kalenda ya mwaka uliopita.

Alipotoka aliichukua hotpoti kwenye mikono ya Naisenya na kumkabidhi askari wa kaunta. "Mpelekee sasa hivi," alisema. Naisenya alimshukuru, na shukrani ile ilimkaa vibaya njia nzima ya Korogwe, juu ya pikipiki ya kazi, katika vumbi jekundu la mwezi wa kumi lililokuwa likisubiri mvua za vuli.

*

Kafe ya Sharifu ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tano na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kuchoka. Sharifu mwenyewe, kijana mnene mwenye kofia ya kushonwa, alitoa daftari la wateja bila kuulizwa mara mbili.

"Huyu hapa, afande. Lengai T., mashine namba tatu. Kuingia saa nne na dakika tano, kutoka saa nne na dakika hamsini."

Semboja alifungua jalada na kutafuta andiko la Kisima kuhusu mkutano. Juu yake palichapwa muda: 07:17. Saa moja na dakika kumi na saba asubuhi. Saa hiyo Lengai alikuwa bado hajapanda basi Mkata, na kafe yenyewe ilikuwa haijafunguliwa.

"Jalada limekwisha," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Sharifu alichungulia karatasi. "Afande, hiyo saa si ya kwetu. Ule ukumbi unaendeshwa na watu walio Ulaya, unafuata saa ya GMT, nyuma yetu kwa saa tatu. Ongeza tatu."

Semboja aliongeza. Ikawa saa nne na dakika kumi na saba. Lengai alikuwa amekaa palepale, mashine namba tatu, dakika kumi na mbili tangu aingie.

Alikaa kwenye kiti cha namba tatu kama mtu aliyesukumwa. Alikuja kumtoa mtu shimoni, na sasa alikuwa ameongeza udongo. Akisema kweli kwenye jalada, Lengai amekwisha. Akinyamaza, Ponsiano atampigia Sharifu simu na kuyapata yaleyale. Akainua macho ukutani, kutafuta tu mahali pa kuyaweka.

Juu ya kompyuta palibandikwa karatasi yenye plastiki: *Masharti ya Kutumia Mashine.* Yalikuwa kumi na moja. La kwanza, usile humu ndani. La kumi na moja, usiandike matusi kwa jina la mwenzako. Semboja aliyasoma yote, akarudi kwenye namba zake. Kuna kitu hakikumkalia sawa.

Alisogeza kiti, akasimama, akaweka pua karibu na ukuta.

Namba moja haikuwa moja. Namba nyingine zote zilikuwa sawa, lakini ile ya kwanza ilikuwa kijiti kirefu kilichonyooka, bila mdomo juu. Ilikuwa herufi l ndogo. Na kumi ilikuwa l na sifuri. Na kumi na moja ilikuwa l mbili zilizosimama pamoja.

Mikono yake ilifunua jalada haraka hadi karatasi moja ikachanika pembeni. Maandishi ya Nondo: moja yenye mdomo. Maandishi ya watu wengine: moja yenye mdomo. Kisima: *tarehe l0*. Kisima: *mzee wa miaka 7l*. Kisima, kila ukurasa, bila kukosa mara moja: kijiti kitupu.

Semboja aliijua ile desturi. Alipoanza kazi, akiwa konstebo, alipewa taipureta ya zamani ya kupigia maelezo ya mashahidi, na taipureta ile haikuwa na kitufe cha namba moja. Walifundishwa kupiga l ndogo mahali pake. Yeye aliipiga miezi minane tu kabla mashine haijafa. Mtu aliyeipiga nusu ya maisha yake, kidole chake hakingejua tena njia nyingine.

"Sharifu, mtihani aliouchapa yule mwalimu bado umo?"

Ulikuwamo. *Uraia, Kidato cha Pili.* Swali la 1, la 10, la 11, yote yenye mdomo. Kilichochapwa na Lengai kilichapwa na kijana wa zama za kompyuta.

"Nitolee kopi. Na haya masharti ukutani alikuchapia nani?"

"Bi Hamisa, wa Masuguru, hapa hapa mjini. Ana kompyuta yake na modemu yake, hana shida na mimi. Ofisi nyingi za huku na Handeni zikikwama, kazi zao zinapelekwa kwake." Sharifu alicheka. "Alikuwa mpiga chapa wa shamba la mkonge, zamani, kabla halijauzwa na watu kupunguzwa. Kuna nini, afande?"

"Hakuna," Semboja alisema, na alikuwa tayari mlangoni.

Sasa alikuwa na uhakika usiohitaji taipureta. Miezi mitatu nyuma, katika mojawapo ya zile jioni ambazo ubishi ulilegea kidogo, Kisima alimwandikia ujumbe wa faragha. Nondo alikuwa amesema hadharani kwamba waliopunguzwa kazini walikuwa mizigo, kwamba uchumi ulihitaji mkono usiotetemeka. Kisima hakumjibu kwa matusi. Alimwandikia kwamba orodha ya waliopunguzwa na barua zao zilipigwa chapa na mmoja wa waliokuwamo kwenye orodha hiyo, aliyeipeleka yake mwenyewe kwa meneja aisaini.

*

Ofisi ya Bi Hamisa Mdoe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, Masuguru, chenye kibao cha kupiga chapa na kutoa kopi. Taipureta kuukuu ilikaa pembeni, imefunikwa kanga. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa karibu miaka sitini, mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba shingoni.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua?"

"Barua fupi. Anza na tarehe, kumi na tano Oktoba."

Vidole vilikwenda bila macho kuvifuata. Semboja alitazama kidole cha pete cha mkono wa kulia kikishuka kwenye l, kisha kingine kikapanda kwenye tano.

"Hicho kidole hakipendi namba moja," alisema.

"Kina miaka thelathini na tano kinakwenda palepale." Bi Hamisa aliacha kupiga. Alivua miwani. "Umeingia ukiwa mteja. Sasa naona umekuwa kitu kingine."

Semboja alionyesha kitambulisho. "Muhtasari wa mkutano wa Mkata ulipigwa chapa hapa."

"Kazi ikija napiga. Nikishapiga nasahau."

"Huu hukuusahau. Ulirudishiwa uupige upya, na mara ya pili majina sita hayakuwamo. Wewe si mtu wa kusahau, mama. Barua yako mwenyewe ya kupunguzwa uliipiga chapa kwa mkono wako, ukaipeleka kwa meneja aisaini, ukarudi nayo mezani kwako. Hilo nalo umelisahau?"

Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akiimba akiosha vyombo. Bi Hamisa alinyoosha mkono akaufunga mlango wa katikati.

"Hilo nilimwandikia mtu mmoja tu duniani," alisema polepole. "Hata wanangu hawalijui."

Semboja alijua pale pale alichokifanya. Angeweza kusema polisi wana njia zao za kupata ujumbe wa watu. Hakusema.

"Nondo," Bi Hamisa alisema.

"Ndiyo, mama."

Alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi hadi kofia iliyokuwa mkononi. "Nilikudhani mzee. Mzee mwenye maumivu ya miguu, aliyewahi kuwa katibu wa kitu fulani na hakuna anayemsikiliza tena."

"Na mimi nilikudhani mwalimu."

"Ndiyo ile chaki."

"Ndiyo."

"Na mwalimu wa watu yumo ndani kwa neno hilo."

"Kwa neno hilo, na kwa kuwa aliingia kafe saa mbaya. Hawana kingine."

Bi Hamisa alikunja karatasi tupu mara mbili, akaikunjua. "Nimesikia habari zake tangu Jumatatu. Mara mbili nimepanda basi la Handeni nije niseme ni mimi. Mara mbili nimeshuka kabla halijaondoka. Nina wajukuu wanne humu ndani, mama yao hayupo." Alinyanyuka, akavuta mtandio kwenye msumari. "Lakini sasa umekuja. Twende."

"Kaa, mama."

"Nimekaa siku nne."

"Ukija wewe, Lengai hatoki. Watasema yeye alileta habari, wewe ukaandika. Watakuwa wawili badala ya mmoja." Semboja alivuta kigoda, akakaa karibu na kompyuta, magoti yakigonga meza. "Wana kielelezo cha saa, na hicho nitakijibu kwa mtihani wake. Kilichobaki ni shahidi mmoja anaitwa Nondo. Nondo akisema alibahatisha, hawana kesi."

"Na huyo Nondo atafanywa nini?"

Semboja alielekeza kidole kwenye kompyuta. "Futa hiyo barua. Andika: Mimi, Mbwana Semboja, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, natoa maelezo haya kwa hiari yangu."

Bi Hamisa alivaa miwani. Aliandika. Semboja alieleza jina la bandia, tarehe, saa, na kompyuta aliyoitumia, na kila penye moja alimwonyesha kitufe cha namba chenyewe. Katikati vidole vilisimama.

"Hapa umesema 'nilipitiwa nikamtaja mwalimu.' Ulipitiwa au uliamua?"

Feni haikuwapo chumbani mle. Semboja alijipepea kwa kofia. "Niliamua."

"Basi naandika uliamua." Aliandika. "Bado unaamini ule mkono wako wa chuma?"

"Naamini utaratibu, mama. Pasipo utaratibu watu wanaumizana."

"Wazee sita juani, huo ni utaratibu?"

Alifikiri. Kwenye ukumbi angekuwa na jibu kabla hajamaliza kusoma swali. "Endelea kuandika," alisema.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi, kabla Ponsiano hajafika, Semboja aliyaingiza maelezo yake kwenye kitabu cha matukio pale kaunta, akayagonga muhuri, na nakala akaipeleka kwa mkono ofisi ya mwendesha mashtaka. Ndipo akasubiri nje ya mlango wa mkubwa wake. Alisubiri akitembea, hatua sita kwenda, sita kurudi.

Ponsiano alisoma mara moja tu. Alisoma polepole.

"Nondo ni wewe."

"Ndiyo, afande."

"Nilikusifu mbele yako mwenyewe, ukanyamaza."

"Ndiyo, afande."

"Hii karatasi naweza kuichana sasa hivi."

"Iko kwenye kitabu cha matukio, afande. Na mwendesha mashtaka anayo yake, pamoja na kopi ya mtihani wa mwalimu. Aliyeandika kwa jina la Kisima na aliyechapa mtihani ule ni watu wawili tofauti. Nimeeleza ni kwa vipi mwandiko unatofautiana."

"Kwa hiyo unamjua Kisima."

"Najua kwamba si Lengai."

"Sikukuuliza hivyo."

"Hilo ndilo jibu langu, afande. Hata mbele ya tume ya nidhamu nitajibu hivyohivyo."

Simu ya mezani ililia. Ponsiano aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Alionekana ghafla mtu aliyechoka, aliyebakiza miaka miwili tu kustaafu.

"Nitamwambia nini Mheshimiwa?" alisema, si kwa Semboja hasa. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza. "Kofia. Mkanda. Kitambulisho. Umesimamishwa kazi kuanzia sasa, kusubiri mashtaka ya kijeshi. Kabla hujatoka, nenda ukamtoe mtu wako. Mimi siwezi kumtazama usoni."

Pale kaunta, askari alimwaga bahasha ya vitu vya Lengai: mkanda, kamba za viatu, saa ya mkononi, pochi, na karatasi nne zilizokunjwa pamoja. Lengai alisaini, akaanza kuvaa mkanda palepale, taratibu, tundu kwa tundu. Naisenya alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nimeachiwa hivi hivi?" Lengai aliuliza. "Shahidi wao yuko wapi?"

"Ni mimi," Semboja alisema. "Mimi ndiye Nondo. Ile habari ya chaki niliibuni. Nilikuwa na hasira, nikabahatisha, nawe ukalipia siku tano. Naomba radhi."

Askari wa kaunta aliacha kuandika. Semboja alisubiri ngumi, na alikuwa ameshaamua kutoikwepa.

Lengai hakuinua mkono. Alimtazama sana, kichwa kikiwa upande, kama anayejaribu kuipatanisha sauti na uso.

"Wewe?" alisema. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba taifa changa ni kama mche, usipofungwa kwenye mti haunyooki?"

"Ndiyo."

"Na ile ya nidhamu kwanza, uhuru baadaye?"

"Ndiyo. Zote."

Lengai alizichukua zile karatasi nne juu ya kaunta na kuzikunjua. Zilikuwa zimechapwa kafe kwa Sharifu. Pembezoni palijaa mwandiko wa kalamu ya bluu: *muhimu, wasomee Kidato cha Nne, linganisha na sura ya tano.* Na juu ya kila ukurasa, jina la mwandishi: Nondo.

"Jumamosi ile nilikuwa natoa hizi," Lengai alisema. "Kila mwezi nilikuwa nakwenda Korogwe kuchapa ulichoandika. Huyo Kisima nilikuwa simpendi. Niliona anabomoa." Alizikunja tena, vizuri, kama zilivyokuwa, na kumwekea Semboja mkononi. "Watoto wangu arobaini na wawili wamekukariri, afande."

Naisenya alimwita kwa Kimaasai kutoka mlangoni. Basi la Mkata lilikuwa likipiga honi barabarani. Lengai aliokota kamba za viatu vyake, hakuzifunga, akatoka nazo mkononi.